Mashine Iliyokataa Kupima Maji

TATHMINI LINGANISHI YA VIFAA VIWILI VYA KUPIMIA MNATO WA DAMU, AWAMU YA AWALI. Kwa lugha ya kawaida: hospitali ilitaka kununua mashine ya kujua damu ya mtu ni nyepesi au nzito, na kamati ilikuwa imekula vikao vingi bila kukubaliana inunue ipi.

Kazi ya kuzilinganisha akatupiwa mtaalamu wa maabara, mama mjamzito aliyekaribia likizo ya uzazi. Kuomba damu ya majaribio kulihitaji saini tatu, na mmoja wa watia saini alikuwa safarini. Mkono wake haukuhitaji saini. Akajitoa damu, akaitia kwenye mashine zote mbili, zikakubaliana.

Kisha akazisuuza kwa maji. Ya kwanza ikasoma maji. Ya pili ikasoma damu.

"Dada, maji yenu yana ukoo?" fundi wa vifaa akamtania.

"Acha mzaha. Nimesuuza mpaka nimechoka."

Kufika mchana namba ya mashine ya pili ilikuwa imepanda, na ndani ya harufu ya dawa ya kusafishia kulikuwa na harufu ya waridi. Vidole vya mtaalamu vikawa baridi. Mtoto tumboni, aliyeamka asubuhi akirusha mateke, alikuwa kimya. Akajitoa damu tena, akaipima kwenye mashine ya kwanza. Namba ikawa ileile ya mashine ya pili, yenye maji matupu.

Fundi akachomoa waya wa umeme wa mashine ya pili. Kioo hakikuzimika. Namba ikazidi kupanda, taratibu, kama mtu apandaye ngazi bila viatu, na ndani ya chuma kile kukasikika kitu kikimeza, kikitulia, kikimeza tena, na kila kilipomeza miguu ya mtaalamu ikazidi uzito na midomo ikafa ganzi na waridi likamjaa kooni mpaka akashindwa hata kuomba dua.

"Kimekuonja," fundi akanong'ona. "Bibi yangu alikuwa mganga, akiwatoa watu vitu hivi. Hakikuachi mpaka kionje mwingine."

"Mwingine nani?"

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti wa kamati, tai shingoni.

"Mama, nasikia hii ya pili inasumbua? Ijaribuni kwa damu yangu. Viongozi tuonyeshe mfano."

Fundi akatazama sakafu.

"Kunja mkono wa shati, mzee," mtaalamu akasema.

Ripoti ilipendekeza kifaa cha pili kwa uthabiti wake, ikatoa pole kwa familia ya mwenyekiti, aliyefariki ghafla wiki hiyo kwa sababu za kiafya.

Jioni ya siku ile ya kipimo, mtoto alipiga teke tena. Mama yake alikuwa amejua kitakachompata mwenyekiti, na ndiye aliyeshika sindano.