Kijiti cha Mguu wa Raheli

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kuchota maji bombani, Magreth alichukua kitambaa na kufuta viatu vya watu wa nyumba yao ya Ufukoni. Viatu vya baba, karani wa bandari, vilikuwa vyeusi vya kamba. Vyake vilikuwa raba za kwendea shuleni, darasa la sita. Mwisho zilibaki kubadhi mbili za ngozi, pana, za kiume. Mgeni aliyezikuta mlangoni alidhani nyumba ile ina mwanamume wa pili. Kumbe zilikuwa za dada yake, Raheli.

Raheli alikuwa mwalimu katika shule moja ya Likombe. Alikuwa mrefu, aliweza kuandika juu kabisa ya ubao bila kupanda kiti, na miguu yake ililingana na kimo chake. Alivaa namba kumi. Katika maduka ya Mtwara viatu vya kike vilikomea namba saba, na muuzaji mmoja aliwahi kumwambia mbele za watu akatafute upande wa wanaume. Tangu siku hiyo Raheli hakuitaja tena namba yake. Alikuwa akisema tu, "Nitazamie kikubwa," kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemnunia.

Sasa alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Josephu, alikuwa mwalimu mwenzake, na ndoa ilikuwa ifungwe kanisani Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Gauni lilikuwa tayari, tena lilishonwa refu kwa makusudi, kwa sababu Raheli alitaka kitu kimoja ambacho hajawahi kukipata maishani: viatu vyeupe vya mchuchumio, vyenye kisigino chembamba kama vya wanawake wenzake.

"Siku moja tu, mama," alisema. "Siku moja nipite mahali visigino vyangu viseme ko, ko, ko."

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara ya Dar es Salaam kule Rufiji, na mabasi yalikuwa hayapiti. Njia iliyobaki ni meli. Kwa bahati, Mjomba Mikaeli alikuwa baharia katika meli iliyokuwa ikienda na kurudi kila wiki. Hakuwa mjomba wa damu, lakini yeye na mama walitoka kijiji kimoja huko Songea, na ugenini hilo latosha. Mikaeli alikubali kuvitafuta viatu Dar es Salaam.

Mama alifanya kama watu walivyofanya kila walipomwagiza mtu viatu. Alimsimamisha Raheli sakafuni, akaweka kijiti cha mkorosho kando ya unyayo wake, akakikata kwa kisu ncha zote mbili, toka kisigino hadi kidole gumba.

"Namba za viatu hubadilika kila kiwanda," alisema. "Kijiti hakibadiliki. Magreth, kimbia bandarini ukampe mjomba wako kabla meli haijang'oa nanga."

Magreth alikimbia, lakini hakufika mbali. Njiani alikutana na Zuhura, rafiki yake, na Kasiani, mvulana wa darasa lao ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Kasiani alimnyang'anya kijiti, akakilinganisha na mguu wake, akacheka.

"Hiki kipimo cha nguu au cha kasia?" aliuliza kwa lafudhi ya kwao Kitaya. "Mwalimu Raheli akivaa viatu vya hivi, sisi tutavigeuza mitumbwi ya kuvulia samaki."

Hata Zuhura alicheka, ingawa aliziba mdomo. Kisha alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi, "Lakini Magreth, viatu vya kike vya hivyo havipo. Mjomba wako atarudi mikono mitupu."

Magreth alikichukua kijiti akaondoka, masikio yakimchoma. Akilini alimwona Mikaeli akikitoa kijiti kile katika duka kubwa la Dar es Salaam, na wauzaji wote wakicheka kama Kasiani. Alimwona dada yake akipewa jibu lile lile, kwamba hakuna. Je, si afadhali kupata kiatu kinachobana kidogo kuliko kukosa kabisa? Kiatu si hutanuka kikivaliwa? Akatazama nyuma, akatazama mbele, akavunja ncha ya kijiti, upana wa vidole viwili. Kipande akakitia mfukoni mwa sare yake. Kijiti akampa Mjomba Mikaeli getini, akamwamkia, akarudi nyumbani akiamini kwamba amemsaidia dada yake.

Wiki iliyofuata meli ilirudi, na Mikaeli alikuja na boksi. Ndani ya karatasi laini mlikuwa na viatu vyeupe vinavyong'aa, visigino vyembamba, na kifundo kidogo cha utepe mbele. Mama alipiga kigelegele. Raheli alikaa kwenye kiti, akaosha miguu, akaikausha taratibu.

Mguu uliingia nusu, ukakataa.

Alijaribu wa pili. Alipaka poda, akajaribu tena. Alisimama akasukuma kwa uzito wake wote mpaka jasho likamtoka. Kisigino chake kilibaki nje.

"Nimepima kwa kijiti chenu," Mikaeli alisema. Alikitoa mfukoni, akakiingiza katika kiatu, kikakaa sawasawa.

Mama alikichukua, akakigeuza. "Mimi nilikikata kwa kisu ncha zote mbili. Huku kimevunjwa."

"Ndivyo kilivyonifikia, dada."

"Kilikufikia kwa mkono wa mtoto huyu," mama alisema, na sauti yake ilianza kupanda. Majirani wawili walikuwa wamesimama mlangoni, walikuja kuona viatu. "Kama ulichoka kutafuta, Mikaeli, ungesema. Ungerudi bila kitu tungekuelewa. Kwa nini uvunje kipimo cha watu?"

"Sikukivunja."

Mama alimgeukia binti yake. "Magreth, wewe ulikivunja?"

Wote walimtazama. Magreth angesema ndiyo pale pale, mambo yangeishia pale. Lakini aliwaona majirani, akaona macho mekundu ya Raheli, na hofu ikamjibia.

"Hapana, mama."

Mikaeli alimtazama kwa muda. Alivaa kofia yake, akawapita majirani, akaenda zake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba, aliyekuwa amekaa pembeni, alisema kwa huzuni. Magreth alishika mfuko wa sare yake. Kile kipande kilikuwa bado mle ndani.

Usiku huo alilala vibaya, na kesho yake mambo yalizidi kuwa mabaya. Raheli alikuwa ameshavipeleka viatu kwa Fundi Abdallah, mshona viatu wa sokoni, naye alikuwa amevirudisha.

"Kiatu cha mchuchumio kina chuma chini yake, nwanangu," fundi alikuwa amemwambia kwa lafudhi kama ya Kasiani. "Nikikivuta, kitapasuka. Mguu wako ni ule ule, nami sina la kuufanya."

Magreth aliporudi kutoka shuleni alimkuta dada yake amekaa sakafuni chumbani, ngozi ya kidole chake kidogo imebanduka, inatoka damu. Alikuwa amejifungia tangu adhuhuri akijaribu kukunja vidole ndani ya viatu vile. Sasa alikuwa anafuta kiatu kwa kitambaa ili damu isikitie doa. Gauni lilining'inia ukutani, refu, likisubiri visigino.

"Dada, acha," Magreth alisema.

"Niache nivae nini?" Raheli alijibu bila kuinua kichwa. "Kubadhi za kiume, niburute gauni kanisani, watu wacheke mpaka padri naye acheke? Siendi. Nimeshamtumia Josephu ujumbe kwamba tuahirishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka miguu ipungue." Alicheka, lakini kicheko kile kiligeuka kilio. "Hapa Mtwara nilijua hakuna. Nikasema labda Dar es Salaam, mji mkubwa ule, maduka yote yale. Nako hakuna. Nchi nzima hakuna kiatu changu, Magreth. Mungu aliponiumba, alinisahau miguuni."

Magreth alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Aliwaza kuwa meli ingeondoka jioni ile ile, na Mikaeli pamoja nayo, na jina lake limeshachafuka mtaa mzima. Aliwaza kuwa mama angempiga. Kisha aliona damu ikitokeza tena kwenye kidole cha dada yake, naye akatia mkono mfukoni.

Aliweka kile kipande cha mkorosho sakafuni. Akaenda sebuleni, akachukua kijiti kilichoachwa juu ya meza, akakiweka karibu. Vipande viwili viliungana, ufa kwa ufa.

"Nilikivunja mimi," alisema. "Mjomba Mikaeli hana kosa."

Raheli alivigusa vipande vile pale vilipoungana. "Kwa nini?"

"Kasiani alicheka. Zuhura akasema viatu vya hivyo havipo. Nilidhani kikiwa kifupi utapata."

"Uliona aibu kwa sababu ya mguu wangu?"

Magreth angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amechoka na hapana. "Ndiyo, dada," alisema, akalia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Magreth alisubiri kofi. Mama hakumpiga. Alijitupia khanga begani, akachukua boksi la viatu na vipande viwili vya kijiti, akasema kwa sauti ambayo Magreth hakuipenda hata kidogo, "Twendeni bandarini. Wote."

Walimkuta Mikaeli karibu na gati, akipanga kamba pamoja na mabaharia wenzake. Alipowaona, alitaka kugeuka.

"Kaka Mikaeli," mama alisema, "nilikutukana mbele ya watu, nami nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Kijiti alikivunja mwanangu. Wewe ulisema kweli, mimi sikukusikiliza."

Mabaharia waliacha kazi, wakasikiliza. Magreth alisogea, akapiga goti. "Nisamehe, mjomba. Niliulizwa nikasema uongo."

Mikaeli alivichukua vipande vya kijiti kwa mama, akaviunganisha mkononi mwake, na uso wake ukabadilika.

"Dada," alimwambia mama polepole, "jana hukunipa nafasi ya kueleza. Palikuwa na jozi kubwa. Mwenye duka alinitolea hiyo kwanza, akaniambia imekaa siku nyingi haina mtu. Nikapima kwa kijiti, kiatu kikazidi kama vidole viwili. Nikairudisha kwa mkono wangu."

Raheli alimshika mkono. "Vilikuwepo?"

"Vilikuwepo."

"Vyeupe? Vya mchuchumio?"

"Kama hivi hivi, mwanangu. Hata utepe."

Raheli alikaa juu ya gunia la korosho lililokuwa likisubiri kupakiwa, akajifunika uso. Kulia kwake safari hii kulikuwa kwingine.

"Nipeni boksi," Mikaeli alisema. "Sina ahadi. Huenda wameuza. Huenda bahari ikatuchelewesha. Lakini nitajaribu." Kisha akamwinamia Magreth. "Na kijiti nitakwenda nacho, chote."

Mama alikifunga kwa uzi mweusi pale kilipovunjika, akamrudishia. Jioni ile meli iliondoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Meli ilitakiwa kufika Alhamisi, haikufika. Baba aliporudi kutoka kazini alitikisa kichwa tu kabla hajaulizwa. Ijumaa ilikuwa vivyo hivyo. Habari zilisema bahari imechafuka. Josephu alikuja jioni, akakataa katakata kuahirisha ndoa. "Hata ukija peku, nitakuoa," alisema. Yalikuwa maneno mazuri, na Raheli alimshukuru, lakini baada ya kuondoka alizitazama zile kubadhi mlangoni mpaka mama akazitoa pale.

Jumamosi asubuhi wageni walikuwa wameanza kufika na wali ulikuwa motoni, wakati honi ya meli iliposikika kutoka bandarini. Magreth aliangusha kikombe. Alikaa barazani akiitazama njia. Walipita wenye mikokoteni na kina mama wa samaki, asitokee Mikaeli. Hatimaye alimwona kwa mbali, kofia imepinda, hajanyoa ndevu, anakuja mbio na boksi kichwani.

Raheli hakutaka mtu aingie chumbani. Alimwita Magreth peke yake.

"Nivishe wewe," alisema.

Magreth aliushika mguu wa dada yake, mguu ule mkubwa wenye kidonda kinachopona, akautia katika kiatu. Uliingia wote. Kisigino kilikaa mahali pake bila kusukumwa. Raheli alisimama, akapiga hatua moja, ya pili, na sakafu ya saruji ikajibu ko, ko, ko. Huko nje mama alisikia, naye hakungoja kuambiwa. Kigelegele chake kilifika mtaa wa tatu.

Kabla ya kuondoka kwenda kanisani, mama alimwita Magreth kando, mbele ya Mjomba Mikaeli.

"Wewe ulidhani unamsitiri dada yako," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kumsitiri mtu si kumpunguza. Ulipokivunja kile kijiti ulifanya kosa dogo la mtoto. Lakini uliposema hapana, kosa lilimwangukia mtu mwema, na dada yako akaamini kwamba hana mahali katika dunia hii. Nami nina fungu langu, maana nilihukumu kabla ya kusikiliza. Ukikosea, sema siku ile ile. Ukweli unaouchelewesha huumiza hata wasiohusika."

"Nimesikia, mama."

"Basi twende," Mikaeli alisema. "Njaa inaniuma, na wali nimeusikia harufu tangu gatini."

Kanisani, ndoa ilipokwisha, maharusi walitoka mlangoni, Raheli akimzidi Josephu kimo kwa nusu kichwa na wote wawili wakicheka. Zuhura na Kasiani walikuwa wamesimama na watoto wengine pembeni mwa ngazi. Kasiani aliinama kuvitazama vile viatu vyeupe, kisha akainua macho. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mwalimu," aliuliza, "hivyo ni namba ngapi?"

Raheli alisimama, akainua gauni lake kidogo ili watu wote waone.

"Kumi," alisema, na hata waliokuwa nyuma kabisa walimsikia.