Chupa Kumi na Mbili za Mayonezi

Kila binadamu ana udhaifu wake. Wengine hunywa. Wengine hucheza kamari. Genivaldo, fundi bomba wa mjini Caruaru, nchini Brazili, alishindwa na karatasi nyekundu. Akiona karatasi nyekundu imebandikwa kwenye rafu ya duka, ina neno OFA, miguu yake iligeuka yenyewe, kama ng'ombe aliyenusa maji.

Mkewe, Ivonete, alikuwa fundi cherehani. Binti yao wa pekee, Jacilene, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na ulimi wa miaka arobaini.

Siku moja ya Juni, mota ya cherehani ya Ivonete iliungua. Ilitoa moshi, ikanuka, ikanyamaza. Haikuchagua wakati mzuri. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana ilikuwa imebakiza siku tisa, na wachezaji ngoma wa mtaa walikuwa wanangoja magauni kumi na sita. Wangelipa siku ya kuyachukua, si kabla.

Ivonete alifungua kopo la kahawa alimoweka akiba. Akagawa fedha mafungu mawili.

"Hizi ni za mota," alisema. "Fundi ataileta Jumamosi asubuhi. Fedha hizi hazisogei. Na hizi reali mia mbili na hamsini ni chakula chetu mpaka magauni yachukuliwe. Mimi nashona pindo kwa mkono, siwezi kutoka. Nenda wewe. Mchele, maharage, unga wa mahindi, mayai, kahawa. Basi."

"Mchele, maharage, unga, mayai, kahawa," Genivaldo alirudia, kama mtu anayekula kiapo mahakamani.

Alirudi baada ya saa mbili, anatoka jasho, uso unang'aa kwa ushindi. Akapanga mizigo mezani. Chupa kumi na mbili za mayonezi. Chupa sita za dawa ya kulainisha nguo. Ndoo yenye kifuniko. Na pakiti ya vijiti elfu mbili vya kuchokonolea meno.

Ivonete alitazama meza. Akatazama chini ya meza.

"Maharage yako wapi?"

"Maharage hayakuwa na ofa, mke wangu. Lakini mayonezi! Ukichukua chupa tatu, unalipia mbili. Tumeokoa fedha nyingi sana!"

"Baba," alisema Jacilene, "leo tunakula vijiti kwa mayonezi, au mayonezi kwa vijiti?"

"Wewe nyamaza."

"Zimebaki ngapi?" aliuliza Ivonete.

Genivaldo alikohoa. "Sabini."

Ivonete aliketi. Sindano ilikuwa bado mkononi. "Tukila fedha za mota, magauni hayamaliziki, na wateja watahama. Tukinunua mota, tutalala njaa. Wangeuza majeneza mawili kwa bei ya moja, Genivaldo, ungetuletea yote mawili."

Hakupiga kelele. Genivaldo alitamani angepiga.

Wakati huo mtu alibisha hodi kwa kupiga makofi nje ya mlango, mara tatu. Alikuwa Bi Zulmira, jirani wa nyumba ya pili. Bi Zulmira alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini. Alilisha watoto mia nne kila siku kwa bajeti ambayo isingemtosha paka mnene, na hakuna mtoto aliyeondoka na njaa. Mtaani watu walimheshimu kuliko diwani. Diwani mwenyewe alimheshimu, kwa kuwa naye alikula pale shuleni alipokuwa mtoto.

Bi Zulmira aliona meza, akaelewa habari yote.

"Nipe risiti, mwanangu," alisema.

Aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari baada ya mstari. Kidole kikasimama.

"Ulipolipa, keshia alikuomba namba ya uanachama?"

"Aliomba. Nikamwambia mimi si mfungwa, sina namba."

"Basi ofa hukuipata. Ile bei nyekundu ni ya waliojiandikisha. Imeandikwa chini ya karatasi, kwa herufi ndogo. Kujiandikisha ni bure. Wewe chupa zote kumi na mbili umezilipia bei kamili."

Genivaldo aliketi kwenye ile ndoo mpya. Kwa miaka sita alikuwa anaokoa fedha. Sasa alianza kuhesabu ni wapi zilikokwenda, akaona ni afadhali asihesabu.

"Reali sabini zinaweza kutulisha siku tisa, Bi Zulmira?" aliuliza Ivonete.

"Kwa raha, hapana. Kwa akili, ndiyo. Kesho nitakwenda naye. Na hayo mayonezi msiyafungue."

Ijumaa asubuhi, Bi Zulmira alimtaka Genivaldo afanye mambo mawili kabla ya kutoka. Kwanza, aandike orodha. Pili, ale.

"Lakini nimeshiba, bibi."

"Kula tena kidogo. Mwenye njaa hununua kwa macho."

Dukani walianzia kwenye meza ya huduma kwa wateja. Genivaldo alijiandikisha. Ilichukua dakika tatu, na hakuna aliyemfunga.

Kwenye rafu ya kahawa alinyoosha mkono kwenye pakiti kubwa.

"Kwa nini hiyo?" aliuliza Bi Zulmira.

"Kubwa ni nafuu. Kila mtu anajua."

"Kila mtu hajapiga hesabu. Hiyo ni gramu mia tano kwa reali kumi na tisa. Hii ndogo ni gramu mia mbili na hamsini, reali nane. Ndogo mbili ni ngapi?"

Genivaldo alitembeza vidole. "Kumi na sita." Akaitazama pakiti kubwa kama rafiki aliyemsaliti. "Uzito uleule!"

"Uzito uleule. Usiulize pakiti bei yake. Uliza kilo bei yake. Na wewe unahitaji moja tu."

Maharage yalikuwa ghali. Lakini mlangoni duka liliandika kwamba litafuata bei ya duka lolote la jirani, mteja akileta kipeperushi. Genivaldo alichangamka. Vipeperushi alikuwa navyo! Alichomoa kimoja mfukoni, akamkabidhi keshia kwa kishindo.

"Mzee, hiki kiliisha muda Jumapili," alisema keshia.

"Maharage yameshindwa kungoja siku tano?"

Watu kwenye foleni walicheka. Bi Zulmira alifungua mkoba, akatoa kipeperushi cha siku ileile, kimekunjwa vizuri, maharage yamezungushiwa kalamu. Keshia alisoma tarehe, akapunguza bei. Genivaldo alimtazama yule bibi mfupi mwenye kandambili kama watu wanavyomtazama mfungaji wa bao la ushindi.

Walipokuwa wanatoka alisimama ghafla. Karatasi nyekundu! Dagaa wa kopo, chukua makopo manne, lipia matatu. Na sasa alikuwa mwanachama.

Bi Zulmira hakumvuta. Aliuliza tu: "Wamo kwenye orodha?"

"Hawamo."

"Basi kwako si punguzo. Ni matumizi."

Genivaldo aliwaacha wale dagaa taratibu, kama mtu anayeachia mkono wa mchumba kituoni.

Jumamosi asubuhi fundi alileta mota. Ivonete alimlipa fedha zote, na cherehani ikaanza kunguruma. Nyumbani kulikuwa na mchele, maharage, unga, mayai na kahawa. Mboga hazikuwepo. Reali zilizobaki zilikuwa kumi na tano.

"Twende sokoni sasa hivi, tuwahi!" alisema Genivaldo saa mbili asubuhi.

"Tuwahi nini? Twende saa saba," alijibu Bi Zulmira. "Asubuhi muuzaji anachagua mnunuzi. Mchana, wakifungasha, nyanya hazitaki kupanda gari tena."

Na kweli, saa saba wauzaji walikuwa wanapiga kelele za kuagana na mboga zao. Bi Zulmira alikaa kivulini na glasi ya maji ya miwa. "Leo nenda mwenyewe," alisema.

Genivaldo alikuta kreti zima la nyanya kwa reali kumi na mbili. Akainua kreti. Akaliweka chini. Akaliinua tena.

"Mzee, unalinunua au unalichumbia?" aliuliza muuzaji.

Genivaldo aliwaza. Watu watatu, kreti moja. Nusu yake ingeoza kabla ya Jumatano, na nyanya iliyooza haina bei nafuu. Pembeni walisimama akina mama wawili, nao wanaliangalia lilelile kreti.

"Dada zangu," alisema, "tugawane? Kila mmoja reali nne."

Waligawana. Muuzaji alicheka, akamwongeza fungu la giligilani bure. Kwa fedha iliyobaki Genivaldo alinunua vitunguu, muhogo na ndizi, akamrudia Bi Zulmira na reali mbili mkononi.

"Nani kakufundisha kugawana?" aliuliza bibi.

"Njaa."

"Mwalimu mzuri. Alinifundisha na mimi."

Siku tisa walikula kuskuzi, yaani unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, maharage na mayai, na nyanya za kila namna. Magauni kumi na sita yalikwisha, yakachukuliwa, yakalipiwa. Asubuhi ya sikukuu, kila nyumba mtaani ilitaka kutengeneza saladi ya viazi, na madukani mayonezi yalikuwa yamekwisha. Hapo Bi Zulmira alimtuma Genivaldo mlango kwa mlango na ile ndoo. Alitoka na chupa kumi na moja. Alirudi na kuku, jibini, soseji na mayai thelathini.

"Huo," Bi Zulmira aliwaambia majirani kwa uso mkavu, "ulikuwa mpango wake tangu mwanzo."

Ivonete alicheka mpaka akashika mlango.

Jumatatu iliyofuata alifungua kopo la kahawa, akampa mumewe fedha za chakula. "Nenda wewe," alisema.

"Peke yangu?"

"Peke yako."

Alirudi baada ya dakika arobaini na vitu vitano, pamoja na chenji. Jikoni alikuta vyombo vichafu vimejaa kwenye sinki. Juu yake imebandikwa karatasi nyekundu: OFA! LEO TU! OSHA SAHANI MOJA, YA PILI BURE!

Jacilene alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, mkono mdomoni.

Genivaldo alivaa miwani. Akainama kutafuta herufi ndogo. Kisha akatoa orodha mfukoni, akaisoma yote, toka juu mpaka chini.

"Hazimo," alisema, akaenda zake kunywa kahawa.