Bloku Isiyo na Mkwaruzo

“Mkate umetoka tanurini.”

Simu ikakatika.

Mpelelezi Irmela Stähle hakuhitaji kuambiwa mara mbili ishara hiyo ya mtu wake wa kiwandani. Lori lilikuwa limeondoka kiwandani, na ndege ya mizigo ingeruka kutoka Stuttgart saa nne na nusu asubuhi. Akakanyaga mafuta. Mshale wa BMW ukagusa mia mbili na ishirini.

Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuimeza. Kwa siku tatu Mzee Gotthilf Räuchle, fundi mkuu wa kiwanda, alikuwa mahabusu, akiitwa msaliti aliyeuza siri ya kiwanda. Miaka thelathini na minane mzee yule amenyunyizia silinda za injini za mbio chuma kilichoyeyushwa, tabaka jembamba kuliko ukucha, lenye vitundu visivyoonekana vya kushika oili. Injini za wengine hunoki njiani. Zake humaliza mbio na kutaka nyingine. Sasa bloku ya injini yenye siri hiyo ilikuwa njiani kwenda kwa wanunuzi wa ng'ambo. Ikishapaa, mzee amekwisha.

“Stähle, uko wapi?” redio iliuliza.

“Langoni kwa uwanja wa ndege.”

“Subiri polisi.”

“Wasubiri wao.”

Akaizima.

Kando ya lori alisimama Bwana Dornfeld, mkurugenzi, kavaa koti ghali la kashimiri. Ndiye aliyemshitaki mzee.

“Bibie, umepotea njia,” alisema. “Hii ni bloku mbovu. Skrepa. Karatasi hizi hapa, nimesaini mwenyewe.”

“Mwenyewe?”

“Kila ukurasa.”

“Vizuri. Nilitaka niyasikie kwa mdomo wako.”

Dereva akapeleka mkono kwapani. Irmela akaubamiza mlango wa lori kwenye kiwiko chake. Bastola aina ya Walther ikadondoka, Irmela akaipiga teke ikaenda uvunguni mwa lori.

“Kaa chini. Wewe sina ugomvi nawe.”

Dornfeld alicheka. “Hata ukifungua sanduku, utajua nini? Kwa macho, nzima na mbovu ni sawa.”

Irmela akafungua, akavua glavu, akapitisha ukucha ndani ya silinda ya kwanza, juu mpaka chini. Laini. Ya pili, laini. Zote sita.

“Bloku ikimharibikia Mzee Räuchle, haitoki mezani kwake salama,” alisema. “Papo hapo anakwaruza kila silinda kwa tupa, asije mtu akaiuza. Hii haina mkwaruzo hata mmoja. Hata mfagiaji anajua. Wewe miaka tisa mkurugenzi, hujashuka karakana hata siku moja kuwasalimu watu wakila mkate wao wa saa tatu.”

Uso wa Dornfeld ukasawajika. “Tunaweza kuzungumza.”

“Zungumza na pingu. Kuiba umeiba, ukaona haitoshi, ukamsingizia mtu aliyekulisha. Huna haya hata kidogo.”

Polisi walipofika, alipiga simu mahabusu.

“Mwachieni mzee. Sasa hivi, siyo baada ya chakula.”

Simu ikapewa mzee, na sauti nzito ikauliza: “Bloku yangu haijaguswa?”

“Nzima, Mzee.”

“Basi irudishe. Ina mbio Jumapili.”

Irmela akafuta oili ya kidole chake kwenye koti la kashimiri, taratibu, kisha akaenda zake.