Orlane Akataa Kutoa Ufunguo

Kila alfajiri, kabla ya shule, Orlane aliteremka ufukweni Ruziba pamoja na mama yake, Caritas. Kazi yake ilikuwa kushika nafasi pale Radjabu mvuvi alipoegesha mtumbwi wake. Mama akishanunua beseni lake la ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, alikwenda kuwaanika, naye Orlane alikimbia nyumbani kuvaa sare.

Mambo yalikwenda hivyo kwa amani mpaka lilipotoka tangazo kwamba ziwa litafungwa kwa muda ili samaki wazaane. Hapo wanawake wa Ruziba walishikwa na wazimu, sina neno jingine. Kila mmoja alitaka kujaza magunia ya ndagala wakavu, aje awauze soko la Jabe wakati hakuna anayevua. Na hela? Walikopa katika sanduku la chama chao cha akiba. Ukichukua faranga elfu kumi, unarudisha na mia mbili juu. Kwa riba ndogo hivyo, nani asingekopa?

"Beseni hili elfu thelathini!" alisema Epiphanie, mama wa rafiki yake Orlane aitwaye Amandine.

"Thelathini na tano!" alidakia mwingine.

"Arobaini!" alipiga kelele Caritas.

Radjabu alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi akitabasamu. Hakuwa na haja ya kupandisha bei, wateja walimpandishia wenyewe.

"Mama, mnashindana na nani?" Orlane aliuliza njiani. "Si wote mmekopa sanduku moja?"

Mama aliongeza mwendo.

Siku hiyo darasani, mwanafunzi mmoja alimwuliza Mwalimu Hyacinthe kuhusu habari aliyoisikia redioni, kwamba Benki Kuu imepandisha riba.

"Benki Kuu hukopesha mabenki," mwalimu alieleza. "Ikipandisha riba yake, mabenki nayo hupandisha ya kwao. Mtu akiona mkopo umekuwa ghali, hufikiri mara mbili. Hela zinazogombania bidhaa zilezile hupungua, na bei hupoa polepole. Biashara ikilala, Benki Kuu hushusha riba ili watu wakope na kufanya kazi."

Orlane alikumbuka tabasamu la Radjabu. Jioni alimweleza mama yake yote. Caritas, aliyekuwa mwenyekiti wa chama, alisikiliza mpaka mwisho, na kwenye mkutano wa Jumapili akapendekeza riba ipande. Lo! Alitukanwa mpaka majirani wakachungulia. Kesho yake Amandine alikataa kwenda shule na Orlane.

"Mama yako ana roho mbaya," alisema. "Anataka sisi tusipate."

Wiki nzima Orlane alitembea peke yake. Jumamosi jioni mama yake alijitupa kitini.

"Basi. Kesho wafungue sanduku, wakope watakavyo kwa riba ileile. Mi nimechoka kutukanwa."

Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilitunzwa na wanawake watatu. Wa Caritas ulining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Orlane aliutazama, akakumbuka kwamba kila Septemba akiba ya sanduku hilo ndiyo iliyowanunulia watoto wa Ruziba sare na madaftari. Akautwaa, akausukuma ndani ya soksi yake.

Jumapili baada ya misa, wanawake walikusanyika uani kwao. Kufuli mbili zilifunguliwa. Ya tatu ikabaki.

"Orlane, umeona ufunguo wangu?" Mama aliita.

"Ninao. Na siutoi."

Ua mzima ulimgeukia.

"We mutoto!" Epiphanie alisimama. "Unajibu watu wazima hivyo?"

Orlane hakuinamisha uso. "Siutoi, Mama Amandine!"

Caritas alimsogelea. "Utoe. Mali ya watu haifichwi. Kama una neno la haki, liseme mbele yao, usijifiche nyuma ya kufuli."

Orlane aliuchomoa ufunguo na kuuweka juu ya sanduku. Machozi ya hasira yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Huo hapo! Lakini nisikilizeni. Hela za sanduku hili zinakwenda kwa Radjabu! Mama yangu anataja bei, nyinyi mnampiku kwa hela za sanduku hilihili. Mnajipandishia bei wenyewe, na kule Jabe wateja wanawakimbia. Septemba mtagawana nini? Nitavaa ndagala kwenda shule?"

Mmoja aliangua kicheko. Epiphanie hakucheka. Nyumbani kwake kulikuwa na magunia mawili aliyoyapeleka Jabe kujaribu soko, na hakuna aliyeyataka kwa bei ile. Aliketi, akaitazama miguu yake.

"Mutoto huyu hana adabu," alisema mwishowe. "Lakini hakusema uongo. Pandisheni riba."

Mikono ikanyanyuka, mmoja baada ya mwingine. Elfu kumi sasa ingerudi na elfu moja juu, mpaka bei ipoe.

Haikuwa rahisi. Epiphanie aliacha ndagala, akauza mandazi. Caritas mwenyewe alirudi na beseni tupu mara kadhaa. Lakini ufukweni kelele zilikwisha. Radjabu alitaja arobaini, hakuna aliyeitika. Jua lilipanda, na ndagala wabichi hawamngoji mtu.

"Thelathini na tano?" Kimya. "Thelathini, jamani?"

Mwishowe waliuzwa ishirini na tano. Bei haikurudi ilipokuwa zamani, ila iliacha kukimbia. Mikopo iliporudi sandukuni, chama kilishusha riba tena, na asubuhi moja Amandine alisimama mlangoni.

"Twende, tutachelewa," alisema, kana kwamba hawajagombana kamwe.

Jioni hiyo Caritas alikuwa akichambua ndagala na binti yake.

"Umeona, mwanangu? Anayepandisha riba hapigiwi makofi, awe Benki Kuu au mama wa Ruziba. Watu huumia kweli, kwa hiyo usipandishe bila sababu wala usiiache juu bila sababu. Na ukweli mchungu useme waziwazi, hata wakikuzomea. Lakini ukificha tena ufunguo wa watu, utalala na njaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukiona tunakosea ukanyamaza, utalala na njaa vilevile."