Dakika Arobaini

"Nilikuwa na mgonjwa nyuma ya gari," Mshauri alisoma kwa ile sauti yake ya kila Alhamisi, tulivu, isiyo na haraka. "Redio ikaita. Mama mjamzito anatoka damu, yuko peke yake. Ikatajwa anwani. Ilikuwa anwani ya nyumbani kwangu."

Hapo ulimi ukamgoma.

Mshauri huyu wa hospitali alikuwa na utaratibu wake aliojivunia. Kabla ya somo, kila mtu aliandika swali kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa, bila jina, akakitumbukiza kwenye bati la biskuti. Yeye alichomoa kimoja kimoja na kusoma hapohapo mbele ya wote. Hakuwahi kupitisha macho kwanza, kwa sababu alisema akianza kuchagua maswali atajikuta anachagua yale anayoyaweza. Watu walimpenda kwa hilo. Walimtania pia, wakamwita Vuta Pumzi, maana mtu akimlilia shida, alianza kwa kumwambia avute pumzi.

Sasa pumzi ilikuwa imemkwama mwenyewe. Mle chumbani walikaa watu kumi na sita, madereva wa magari ya wagonjwa na wauguzi wanaopanda nao. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mumewe akiwa na kofia juu ya goti. Wenzake walimwita Breki kwa jinsi alivyokuwa mwangalifu barabarani.

Mshauri akajikaza kisabuni, akamalizia.

"Sikugeuza gari. Mke wangu hajui kama niliisikia. Kila nikitaka kumwambia nashindwa. Nifanyeje?"

Aliinua uso akitegemea kuona watu wameshangaa. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alikuwa anakagua kucha zake, mwingine anafunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Redio ni moja," alisema. "Ikiita, inasikika kwenye magari yote. Siku ile nani mwingine aliisikia?"

Yule wa kiatu alizifungua kamba, akaanza kuzifunga upya.

"Nauliza."

Aliyejibu ni Mzee wa Zamu, anayepokea simu za dharura na kuzitangaza redioni. Alivua miwani kwanza.

"Sote, Madamu."

Mshauri aliirudisha karatasi ndani ya bati, akafunika kifuniko vizuri, akachukua mkoba wake na kutoka. Alipompita mumewe hakumtazama.

Kilichomchoma ni hiki. Miezi saba nyuma alimpoteza mtoto wao wa kwanza, mimba ikiwa imebakiza wiki nne. Aliporudi kazini, somo la kwanza kabisa alilowafundisha madereva alilianza kwa kisa chake. Aliwaambia kwamba gari lilichukua dakika arobaini kufika mlangoni kwake, na dakika arobaini hizo ndizo zilizomnyang'anya mwanawe. Akaandika ubaoni maswali mawili ambayo mtu hujiuliza anapokutana na jambo zito, hata kama hajui kama anajiuliza. La kwanza, hili linanitisha? La pili, nina nini mkononi cha kulikabili? Msongo, akawaeleza, unazaliwa pale jibu la kwanza linapokuwa kubwa kuliko la pili. Walimsikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Alidhani wameguswa na somo.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa dada yake mkubwa, akamwaga yote kabla hajavua viatu. Dada huyu hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Alisema mwanaume wa namna hiyo hana moyo ila ana kitabu cha kanuni kifuani, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kumchukulia nguo zake.

"Amemuua mwanao," dada alisema. "Tuliite jambo kwa jina lake."

Mshauri alivua viatu. Alikunywa maji, akaenda kulala mchana kweupe.

Simu ilitetemeka mezani hadi jioni. Alizisoma meseji bila kuzijibu.

"Mke wangu, pokea."

"Nilijua utaisoma mbele ya watu. Nyumbani nimeshindwa mara nyingi mno. Nilitaka nikwambie mahali ambapo siwezi kukimbia."

Na ya mwisho: "Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu ujue."

Siku mbili alikaa pale. Kila mgeni aliyeingia, dada alimsimulia habari upya, na kila mgeni alimlaani Breki kwa maneno yake. Huruma ilimwagwa juu ya Mshauri hadi akaogopa. Maana alijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua, si dada, si mume. Kwa miezi saba alikuwa amelitupia lawama gari, kitu cha bati kisicho na uso. Sasa lawama ilikuwa imepata mtu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

Asubuhi ya siku ya tatu Mzee wa Zamu alipiga simu.

"Madamu, samahani kukusumbua. Mumeo amerudisha funguo."

"Funguo gani?"

"Za gari. Anasema hafai kubeba mtu. Na ameandika barua kwa wakubwa, ninayo hapa, nimeikalia. Hii ikiwafikia, leseni yake imekwenda."

"Imeandikwa nini?"

Karatasi ilisikika ikifunuliwa. "Imeandikwa kwamba alisababisha kifo cha mtoto wake."

Mzee alipokata simu, Mshauri alivaa viatu. Kisha akamwambia dada yake kwamba anakwenda uwanja wa magari. Dada akamuuliza anakwenda kufanya nini kwa muuaji. Akamjibu kwa upole kwamba neno hilo asilirudie.

Alimkuta ameinama nyuma ya gari la wagonjwa, milango yote miwili wazi, anaosha sakafu kwa mpira wa maji. Machela ilikuwa imeegemezwa ukutani inakauka. Alikuwa amekonda. Mwili, Mshauri alikuwa akiwafundisha, hushtuka kwanza, kisha hustahimili, na mwishowe huchoka ukaanguka. Alikuwa ameyafundisha hayo wiki baada ya wiki huku mumewe akipita hatua zote tatu kwenye kochi la sebuleni, na yeye akadhani mwanaume amemchoka tu.

"Nimeambiwa umerudisha funguo," alisema.

"Funguo nimerudisha. Mpira wa maji bado ninao." Hakutabasamu. "Kaa mbali, utalowa."

"Yule mgonjwa uliyekuwa naye alikuwa nani?"

"Bibi mmoja. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Muuguzi alishamchoma sindano ya maumivu, alikuwa ananisimulia habari za wajukuu zake." Akasogeza mpira upande wa pili. "Angeweza kusubiri, na gari langu ndilo lililokuwa karibu zaidi nawe. Nisikudanganye kwamba alikuwa mahututi."

"Kwa nini hukugeuza?"

"Kanuni zinasema mgonjwa akishapanda hazungushwi. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu."

"Mimi si watu."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye viatu vyake. "Niliogopa," alisema. "Nilijiuliza yale maswali yako mawili kabla hujanifundisha. Hili linanitisha? Ndiyo. Nina nini mkononi? Nikaona sina kitu. Nikufikie nikukute umelala kwenye damu, nikufanyie nini? Nikasema moyoni afike mwingine, mwenye mikono isiyotetemeka. Nikakanyaga mafuta nikaelekea huku. Nilikuwa naukimbia mlango wa nyumba yangu, na king'ora nimewasha."

Mshauri aliketi kwenye ngazi ya gari, kwenye maji hayohayo.

"Ungegeuza ingekuwa vilevile," alisema.

"Usinifariji. Huo ni ufundi wako, si leo."

"Sikufariji. Nisikilize. Mtoto alikuwa ameshafariki kabla sijapiga simu."

Breki alimtazama kama mtu aliyeongeleshwa kwa lugha asiyoijua.

"Daktari aliniambia kitandani, tukiwa wawili. Alisema ni tangu siku moja nyuma, pengine mbili. Nikamwomba asikwambie, nitakwambia mwenyewe."

"Siku mbili."

"Alikuwa ameacha kucheza. Niliona. Nilikuwa naandaa yale masomo, nina karatasi kitanda kizima. Nikaweka mkono tumboni, kimya. Nikajiambia ni msongo wangu tu, nikitulia naye ataamka. Nikajiuliza hili linanitisha, nikajijibu hapana, kwa sababu hilo ndilo jibu nililolitaka. Nikavuta pumzi." Akakamua pindo la nguo lililolowa. "Siku mbili nilikaa navuta pumzi, mume wangu. Hospitali ni hii ninayofanyia kazi, na siku ile ya kwanza nilikuja. Ningeshuka ngazi tu."

Breki alikwenda akafunga bomba.

"Umejua tangu siku ileile?"

"Tangu siku ileile."

"Mimi nimelala kochini miezi saba."

"Sikujua kwa nini unalala kochini. Nilidhani huniwezi tena."

"Nilipokwambia gari lilichelewa kwa sababu ya foleni, ulinijibu, 'Dakika arobaini, mume wangu, dakika arobaini.' Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukawasimulia na wenzangu. Yule mzee wa redio ana presha. Anaamka anaiota anwani yetu."

"Ilikuwa rahisi kubeba hivyo kuliko kubeba ukweli. Nilipowalaumu nyinyi nilipata usingizi. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo."

Mshauri alingoja amfokee. Angefoka ingekuwa nafuu. Breki alikunja mpira wa maji taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, akauning'iniza kwenye ndoano.

"Naomba uondoke," alisema. "Si kwa ubaya. Nikikuangalia sasa hivi sijui nikuonee huruma au nikuchukie, na vyote viwili vinanichosha."

"Na ile barua?"

"Nitajua la kufanya na barua." Kisha, akiwa amempa mgongo, "Hawa wenzangu uliwalaumu mbele yao. Kawaambie mbele yao."

Alhamisi ilipofika, watu walikuja wote kumi na watano, na kiti cha karibu na mlango kikabaki kitupu. Bati la biskuti lilikuwa mezani. Aliwaambia leo wasiandike, ndani ya bati kimo kikaratasi kimoja tu na ni chake. Akakitoa, akakifungua.

"Mtoto wangu aliacha kucheza tumboni siku mbili kabla sijaita gari," alisoma. "Niliona nikanyamaza. Gari lingefika kwa dakika moja lisingemwokoa. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, nikawaacha mbebe kifo chake kwa sababu mimi sikukiweza. Nifanyeje?"

Kwa kawaida hapo ndipo yeye aliposhusha karatasi na kuanza kujibu. Safari hii aliikunja, akairudisha ndani ya bati. Alibaki amesimama, na hakuna aliyemsaidia. Muuguzi mmoja alitoka bila kuaga, akiwa amekasirika, na haki hiyo alikuwa nayo. Wengine walisogeza viti.

Mzee wa Zamu alisimama polepole.

"Ile anwani niliitaja mara tatu," alisema. "Nikidhani Breki hajasikia. Kila siku najiuliza kwa nini sikunyamaza baada ya ya kwanza." Akatoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani kando ya bati, akatoka nje akifuta macho kwa kiganja.

Chumba kilipokwisha kuwa kitupu, simu ikatetemeka.

"Nilikuwa barazani, nimesikia. Namaliza saa kumi na mbili, nitapita nyumbani. Sijui kama nakuja kukaa au kuchukua nguo. Tafadhali usinifundishe kitu."

Alitoka barazani, hakumkuta. Aliporudi mezani kuchukua bati, funguo hazikuwepo. Hakujua nani amezichukua.

Alirudi nyumbani kwao kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Alifagia, akakunja shuka lililokuwa kochini, kisha akalikunjua akalirudisha kama lilivyokuwa, maana hakuwa na haki ya kumwamulia mtu alale wapi. Dada yake alipiga simu, hakupokea. Saa kumi na mbili ikapita. Saa kumi na mbili na nusu alisikia geti.

Breki aliingia akasimama mlangoni na kofia kichwani. Hakuelekea chumbani kwenye nguo, wala hakusogea karibu. Kiunoni funguo za gari la wagonjwa zilikuwa zimerudi mahali pake.

Mshauri alisimama kando ya meza. Maneno yote aliyoyajua yalikuwa ya kazini.

"Kuna kitu sikuwahi kukuuliza," mumewe alisema. "Niliogopa ukianza kusimulia utafika kwenye gari."

"Uliza."

"Ile siku ya kwanza alipoacha kucheza. Ilikuwa asubuhi au mchana?"

"Asubuhi. Wewe ulikuwa unatafuta soksi."

"Nakumbuka. Ukaniambia ziko kwenye kamba."

"Ndiyo. Nilitaka kukwambia kitu kingine, nikakwambia ziko kwenye kamba."

Breki alivua kofia. Alitazama kochi, akatazama meza, akavuta kiti cha mezani, kile cha mbali, akaketi.

"Anza hapo kwenye kamba," alisema. "Usiruke kitu."

Akaanza. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma, akilia, akichanganya saa, bila ufundi wowote. Alipofika kwenye redio ilikuwa zamu ya mumewe, naye akasimulia upande wake hadi kwa bibi wa nyonga na wajukuu zake. Dakika arobaini zilipita, zikapita nyingine, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.