Raba Nyeupe na Deni la Mama

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia kibandani kwa mama yake, fundi wa sare za shule. Alifagia vipande vya nyuzi, akamtungia mama uzi kwenye sindano, kisha akamsomea ujumbe wa wateja kwenye simu. Mama hakuwa na muda wa simu. Hata namba ya siri alimwachia binti yake. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

Wiki hiyo ulipumzika. Mama alikuwa ameomba mkopo benki anunue cherehani ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo. Fundi jirani alikuwa anahama, akakubali kumwuzia kwa bei ya chini mradi alipe kabla ya mwisho wa mwezi. Benki ilimkatalia. Taarifa yake ya mikopo ilionyesha deni dogo la simu ambalo halijalipwa, na alama zake, zile zinazoonyesha kama mtu hulipa vizuri, zilikuwa chini.

"Mimi na mikopo ya simu wapi na wapi?" mama alilalamika. "Afisa mikopo kaniambia kama silitambui niweke pingamizi, walichunguze. Nimeweka."

Chiriku aliinama kuokota pini ambazo hazikuanguka. Ni yeye aliyekopa kwa simu ya mama, akanunua raba nyeupe za michezo na kumdanganya mama kuwa amepewa na timu. Kila ujumbe wa kudai aliufuta. Alijua anapaswa kusema, lakini aliogopa, akanyamaza.

Siku chache baadaye mama alirudi akiimba. Deni lilikuwa limewekwa kando wakati linachunguzwa, na alama zilikuwa zimepanda. "Mkopo watatoa uchunguzi ukiisha," alisema, akasogeza meza kuipa ovaloki nafasi. Chiriku aliitazama ile nafasi, akachukua ufagio na kuifagia.

Jibu la uchunguzi likaja. Fedha za deni lile ziliingia kwenye namba ya mama, zikalipwa duka la viatu. Deni lilirudishwa kwenye taarifa yake na alama zikaporomoka. Mama alizitazama raba nyeupe miguuni mwa bintiye.

"Ni mimi, mama," Chiriku alisema, akalia.

Mama hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alilipa deni kwa akiba yake, kisha wakaenda benki pamoja. Chiriku alieleza mwenyewe.

Afisa mikopo, mwanamke mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho. "Deni lisilo lako lipinge, ni haki yako, na likifutwa alama zinaweza kupanda kweli," alisema. "La kweli halifutwi na pingamizi. Linajificha kidogo tu, kisha linarudi. Sasa litaonekana limelipwa, ila kuchelewa kutabaki kwenye kumbukumbu kwa muda. Ungesema mapema, mwanangu, mama angelipa siku ile ile, nasi tungeliangalia ombi lake upya."

Walipopita kwa fundi jirani, mwezi ulikuwa umeisha na ovaloki ilikuwa inapakiwa kwenye gari la mteja mwingine.

Kibandani, mama alirudi kufunga kingo kwa mkono. Kabla ya kuanza alichukua simu, akampa bintiye mgongo, akabadilisha namba ya siri.

"Alama zangu zitapanda nikilipa vizuri," alisema. "Zako pia zimeshuka kwangu, mwanangu, na hizo huwezi kuziwekea pingamizi. Utazipandisha kwa kusema kweli mapema, hata kama unaogopa."

Chiriku alifuta machozi, akachukua sindano na kumtungia mama uzi.