Nyota Husimama Kulia

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena.

Inas Wahdan aliinyanyua, mikono ingali mibichi kwa dawa za kusafishia picha.

"Studio."

"Harusi imesogezwa," ilisema sauti ya mkuu wake. "Bwana harusi anaruka leo. Saa kumi na moja."

"Leo? Si tulisema Alhamisi?"

"Leo. Nipe uso wake kabla ya saa tisa, la sivyo tumemkosa."

Simu ikakatwa.

Inas alitazama saa yake ya Omega. Saa nne na robo.

Mtaa mzima wa Imad al-Din ulimjua kama mpiga picha za mabango ya sinema, kazi aliyoipenda kweli. Watu sita tu hapa Kairo walijua kwamba alikuwa jasusi wa Idara. "Bwana harusi" alikuwa Fikri Zananiri, tajiri aliyejiita mtu wa Halabi, Syria, mgharamiaji wa filamu moja ya mauaji. Makopo ya filamu hiyo yangepanda naye ndege ya Roma. Idara ilishuku kwamba kopo mojawapo lilificha ramani za rada za bandari.

Ilishuku tu. Zananiri alikuwa na pasipoti ya kigeni na marafiki wakubwa, na hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Mtu mmoja tu angeweza kumtambua. Lamei Girgis, karani wa ofisi ya ramani, alikuwa gerezani akingoja hukumu ya Jumamosi. Hukumu yenyewe ilijulikana: kitanzi. Tangu siku ya kwanza alilia kwamba ramani zilichukuliwa na mgeni mrefu aliyejidai mkaguzi. Hakuna aliyemwamini.

Inas naye hakumwamini. Ni yeye aliyemfunga pingu, uso wake ukiwa chini ya shela.

Sasa, tangu Idara ianze kumshuku Zananiri, alimwamini, na kwa wiki tatu usingizi ulikuwa umemkimbia.

Saa tano na nusu Zananiri alifika studio, miwani myeusi usoni, kuidhinisha mpango wa picha ya bango kabla ya safari. Bango halisi lingeifanya filamu yake ionekane halisi. Inas alitandika mchoro mezani. Nyota wa kike mbele, upande wa kushoto. Nyuma yake, kulia, mwanamume wa kofia. Taa moja kali ya ubavuni. Mwanga ukipenya kwenye mbao za dirisha na kuchora mistari ukutani. Nusu ya uso wa mwanamume nuru, nusu giza tii.

Bishara, mchoraji wa mabango, mfupi, kitambi mbele, aliuinamia mchoro akacheka.

"Binti, umelewa?"

"Kuna nini, fundi?"

"Nyota kushoto! Jicho la mtu barabarani linaanzia kulia, kama anavyosoma Kiarabu. Unamfanya Bibi Nimat wa pili kwenye bango lake mwenyewe? Nani kakufundisha kazi wewe?"

Inas aliukandamiza mchoro mezani kwa kiganja. Kosa lile alilifanya kwa makusudi, na mjinga huyu mwerevu alikuwa anataka kulirekebisha!

"Mpango ni wangu, fundi."

"Na aibu yangu, maana ndimi nitakayechora!"

Zananiri aliupitishia mchoro kidole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Mzuri tu," alisema. "Uacheni hivyo."

Mtu wa Halabi, wapi! Hata mkata tiketi wa sinema ya Halabi angelicheka kosa lile. Inas aliimeza furaha yake.

Simu ililia. Mwigizaji wa kuvaa kofia alikuwa amekamatwa na askari wa barabarani. Gari lake halina taa ya nyuma. Idara ilikuwa imeivunja baada ya simu ile ya kwanza.

Nimat Shawkat, nyota mwenyewe, aliingia na harufu ya manukato ya Chanel. "Nina kazi saa nane! Nani basi atavaa hiyo kofia?"

Wote wakamtazama Zananiri. Mrefu alikuwa yeye tu.

"Mimi si mwigizaji."

"Nani kakwambia uigize? Simama kama nguzo," alisema Nimat. "Au unamwogopa mkeo?"

Bishara alicheka hadi kitambi kikatikisika. Zananiri aliutazama tena mchoro. Nusu ya uso. Nusu haimfungi mtu.

"Picha moja. Na filamu mnanikabidhi mimi."

Madirisha yalifungwa. Adhuhuri ya Kairo ikawa usiku. Zananiri alivua miwani, akavaa kofia. Inas alibonyeza kamera yake ya Rolleiflex, kisha akamsogezea usoni kipima mwanga, kama wafanyavyo wapiga picha wote. Ndani ya kipima mwanga mlikuwa na Minox, kamera ndogo ya kijasusi.

Tik.

Nusu ya kwanza.

Sasa alimngoja Nimat aling'amue lile kosa. Nimat alijipaka poda. Zananiri akainyooshea mkono miwani yake.

Ng'amua, mwanamke! Ng'amua!

"Bibi," Inas alisema, akimpa mchoro, "hebu tazama utakavyoonekana."

Nimat alitazama. Poda ikaanguka sakafuni.

"Kushoto? Mimi? Filamu ishirini na mbili, leo nitanguliwe na nguzo?"

"Imetosha, bibi," alisema Zananiri.

"Haijatosha! Ama nahamia kulia, ama nawaita waandishi wote wa Kairo hapa hapa, waje na kamera zao!"

Zananiri aliirudisha miwani mfukoni.

Wakabadilishana nafasi. Taa nayo ikabebwa ng'ambo, kufuata mpango. Upande uliokuwa gizani ukang'aa.

Tik.

"Filamu," alisema Zananiri, mkono wazi.

Inas alimpa ya Rolleiflex. Zananiri alifungua dirisha, akaivuta yote, ikaungua kwa jua, akatoka. Nimat alimfuata ngazini kwa matusi yasiyoandikika.

Saa saba na nusu, katika chumba cha giza, nusu mbili zilikutana mezani. Hazikupatana. Mdomo mmoja ulikuwa umetulia, wa pili umekunjwa kwa hasira. Inas alitaka kulia.

"Nilijua huwezi kuwa mjinga kiasi kile," alisema Bishara mlangoni.

"Fundi, kuna mtu atanyongwa."

Bishara akaingia. Alichukua brashi nyembamba na wino wa kijivu. Dakika kumi. Mshono ukapotea.

Pikipiki ya Vespa iliruka mashimo hadi gerezani. Picha kumi za wanaume zikapangwa mbele ya Lamei. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ya sita.

"Huyu. Alinipa sigara, akaniita ndugu yangu."

Inas alipiga simu. "Mfungwa kamtambua."

"Una hakika?"

"Safari hii, ndiyo."

Saa kumi na nusu, uwanja wa ndege. Zananiri alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya ndege alipohisi bastola ya Beretta mbavuni.

"Shuka taratibu," alisema Inas.

Kopo la nne lilikuwa na ramani chini ya filamu.

Asubuhi ya pili Inas alimngoja Lamei lango la gereza, akamwomba msamaha. Lamei alitikisa kichwa.

"Ulinikamata saa nne, mtaa mzima ukila ful, maharage ya asubuhi. Leo unaniachia kimyakimya? Mama yangu hajauziwa hata mkate tangu siku ile. Njoo uwaambie."

Mkuu alikuwa ameshaonya: ukijitangaza, hufanyi tena kazi ya siri Kairo.

Walikwenda Shubra, mtaani kwa Lamei, kwa miguu. Mkahawani wanaume waliacha vijiko hewani. Inas alisimama katikati ya uchochoro, jua usoni.

"Mimi ni afisa niliyemkamata Lamei Girgis. Hana hatia. Nilikosea mimi."

Mama mmoja aliyevaa nyeusi alishuka ngazi, akampita mwanawe, akasimama mbele ya Inas.

"Umechelewa, binti."

"Nimechelewa, mama."

Kisha Inas aligeuka, akaenda zake polepole, na uchochoro mzima ukiutazama uso wake.